Funda la Maji la Zakia

Ukitaka kumjua Zakia, usimtazame usoni, maana uso wake ulikuwa wa kucheka tu. Mtazame mikono pale anaposikia mfinyanzi mwingine anasifiwa. Vidole vilijikunja vyenyewe, utadhani vinatafuta kitu cha kuminya. Pale kwenye vilima vya juu ya mji wa Lushoto hapakuwa na nyumba ambayo haikuwahi kupika maharage katika chungu chake au kupoza maji katika mtungi wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake, na wivu wake ulikaa humo humo, mlango kwa mlango na fahari.

Zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa. Malori yakawa yanapanda kona za Soni yamejaa ndoo za plastiki, majagi ya kila rangi, masufuria yanayong'aa na marobota ya mitumba. Wanawake waliozoea kumbembeleza, "Mama Issa, nifinyangie na mimi kabla ya mfungo," sasa walipita na ndoo nyekundu kichwani, wakimsalimia huku wanatazama migomba. "Ngojeni jua liipasue hiyo ndoo," Zakia aliwaambia, "mtanirudia mnalia." Wapi! Ndoo ikipasuka walinunua nyingine. Hata Issa, mwanawe wa kumzaa, alileta jagi la plastiki nyumbani. Mama yake akalitupa shambani, kesho yake akalikuta mezani limeoshwa.

Katika hali hiyo akatokea Bwana Sefania, mtu wa mradi. Mradi wenyewe ulikuwa wa kuwainua vijana kwa njia ya sanaa, hasa wale wa jamii ambazo hakuna aliyewahi kuziita kwenye shughuli yoyote, na yeye alitaka Zakia awafundishe wasichana kufinyanga. Sasa, kwa mila ya pale, mwanamume hakanyagi kwenye shimo la udongo wala hasogelei moto wa vyungu. Kwa hiyo Sefania alisimama njiani, ng'ambo ya kijito, akatoa hotuba yake kwa kupiga kelele.

"Tunataka kuwawezesha, Mama Issa!"

"Kuwezeshwa ndiyo nini?" Zakia akamrudishia kwa sauti ile ile. "Mtu anawezeshwa na mkono wake!"

Lakini Sefania akaongeza neno moja lililomnasa. Kutakuwa na maonyesho Tanga mjini. Kikundi kitapewa nafasi ya chombo kimoja tu, kile kilicho bora, na aliyekifinyanga atakwenda nacho, asimame mbele ya watu na aitwe kwa jina lake. Zakia alisikia Tanga, akasikia na jina lake humo, ingawa hakuna aliyelitaja. Wiki ile ile akanunua doti mpya ya kanga na sokoni pote wakajua anasafiri.

Wasichana wakaja, na mmoja wao alikuwa Paskalina. Huyu alikuwa Mmbugu, watu wake walihamia hapo kutoka upande wa Rangwi baada ya baba yake kuuza ng'ombe wote. Mnajua watu walivyo: wenzake walimcheka akiongea lugha ya kwao, wakasema Mmbugu anajua kinyesi cha ng'ombe, udongo ataujulia wapi. Zakia naye alicheka, tena kwa sauti. Akamweka mwisho wa mstari, akampa kazi ya kuponda udongo na kuokota mawe. Mtoto hakulalamika. Aliponda mpaka mikono ikachubuka, na akiamka asubuhi wa kwanza kumwamkia alikuwa Zakia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ponda."

Waswahili husema udongo upate ungali maji, na huyu aliupata. Siku Zakia alipomruhusu hatimaye afinyange, Paskalina alijenga chungu cha kawaida, cha tumbo la mviringo. Halafu akakizungushia shingoni ng'ombe. Ng'ombe wadogo wa udongo, wamefuatana kwenda majini, na kila mmoja ana pembe zake: huyu zimepinda mbele, huyu moja imevunjika, yule hana kabisa. Wasichana waliacha kazi, wakaja kutazama. Mmoja akamuuliza yule asiye na pembe ni nani, na Paskalina akamtaja kwa jina, akawataja na wengine wote. Lilikuwa kundi la baba yake, wale waliouzwa. Hakuna aliyecheka tena.

Zakia alikitazama kile chungu, vidole vikajikunja. Alitafuta kosa. Akapitisha kidole kwenye ukingo, akagonga kitako, akatia mkono ndani kupima unene. Hakupata kosa hata la dawa! Laiti angekuwa Mshambaa mwenzake, laiti angekuwa binti wa mfinyanzi, angalau. Lakini mtoto wa juzi, wa watu wa kuchunga!

"Kizito," akasema, akaondoka.

Sefania alipokuja, vyombo vikapangwa ukingoni mwa njia ili avione. Zakia aliweka mtungi wake mkubwa, umesuguliwa kwa kokoto mpaka unang'aa. Sefania aliusifu, kama mtu anavyosifu chai aliyokaribishwa. Kisha akachuchumaa mbele ya wale ng'ombe na hakuinuka.

"Hiki," alisema. "Hiki ndicho kitakwenda Tanga. Kikishachomwa salama, Paskalina, ujiandae. Kikipata ajali motoni, basi tutachukua mtungi wa Mama Issa."

Lo! Mcheza kwao hutunzwa, lakini Zakia alikuwa kwao na aliyetunzwa ni mgeni. Wasichana walipiga vigelegele, naye akapiga, tena chake kilikuwa kirefu kuliko vyote. Usiku hakupata usingizi. Alimwonea wivu mtoto yule vidole vyake, macho yake, hata umaskini wake, maana bila umaskini ule asingekuwa na ng'ombe wa kuwakumbuka. Aliiona kanga yake mpya ndani ya sanduku ikimcheka. Na lile neno la Sefania lilimzunguka kichwani: kikipata ajali motoni.

Hapa ni lazima niwaeleze jambo. Wafinyanzi wa kilima kile hawawashi moto hivi hivi. Vyungu vikishapangwa na kuni na nyasi zikishafunika, kila aliyegusa udongo hupokea kata ya maji, na kama ana kinyongo na mwenzake hukisema, kisha hupiga funda moja na kuyapuliza maji chini. Asiye na kinyongo hupuliza tu na kusema moyo wangu mweupe. Ole wake anayeyameza. Akimeza maji amemeza na kinyongo, na kinyongo kikikaribia moto, vyungu hupasuka. Zakia aliliamini hilo kama alivyoamini kwamba kesho kutakucha. Alikuwa na ushahidi.

Ushahidi wake ulikuwa Mwanaisha. Huyo ndiye aliyekuwa mke mwenzake, msichana wa Vuga ambaye marehemu Bakari, mumewe Zakia, alimwoa wakati Zakia tayari ana watoto. Mwanaisha naye alikuwa mfinyanzi, tena Bakari alianza kusema mbele za watu kwamba chai ya chungu cha Mwanaisha ina ladha yake. Mwaka mmoja walichoma pamoja vyombo vya harusi kubwa, na vikapasuka vyote. Zakia alisimama pale pale kwenye magae, akanyoosha kidole. "Amemeza! Nimeliona koo lake likipanda na kushuka!" Mwanaisha aliapa mpaka sauti ikamkauka. Nani angemsikiliza? Wivu wa uke wenza kila mtu anaujua. Akakatazwa udongo, na Bakari naye akamwacha. Tangu hapo anauza nyanya na kabichi sokoni, na wakikutana na Zakia ni "salama?" "salama," basi.

Siku ya kuchoma ilikuwa ya jua kali, vyombo vimekauka vizuri. Kata ikazunguka. Wasichana walisema vinyongo vyao vya kitoto: huyu kaibiwa kitana, yule kasengenywa. Paskalina alipiga funda, akapuliza, akasema, "Moyo wangu mweupe." Ikamfikia Zakia. Alikitazama chungu cha ng'ombe, pembe zinachungulia kwenye nyasi. Hata mtungi wake ukipasuka nao, potelea mbali. Akapiga funda. Akageuka kana kwamba anasogeza kuni, akainama, akayameza. Yalishuka yakiwa baridi mpaka tumboni. Kisha akafuta midomo kwa upande wa kanga na kusema kwa sauti kavu, "Moyo wangu mweupe."

Akauwasha moto yeye mwenyewe.

Kila kuni ilipolia alisema moyoni, hicho! Nyasi zikateketea, kuni zikawa makaa, makaa yakawa majivu. Wenzake waliogopa, yeye alisubiri. Lilipopoa rundo akachukua kijiti kirefu, akaanza kufukua. Chungu cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Mtungi wake mzima. Akafikia kile cha ng'ombe, akakitoa taratibu akitafuta ufa, akakigeuza, akakigonga. Kikalia kama kengele. Ng'ombe wote walikuwa wamesimama, wamekolea wekundu, hata yule wa pembe iliyovunjika. Hakuna chombo hata kimoja kilichopasuka siku ile.

Paskalina alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. "Ahsante, bibi. Moyo wako mweupe ndio umekiokoa."

Zakia alitaka kumsukuma. Alikuwa amemeza kinyongo kizima kizima, kikubwa kuliko chochote alichowahi kuwa nacho, na moto haukujali! Wivu wake haukuweza kuvunja hata pembe ya ng'ombe wa udongo. Hilo lilimuuma kwanza. La pili likaja nyuma yake polepole, na hilo likamkalisha chini kwenye majivu. Kama funda lililomezwa halipasui chungu, basi vile vya harusi vilipasuliwa na nini? Akakumbuka ukungu wa wiki ile, manyunyu yasiyokatika. Akamkumbuka Mwanaisha akisema, "Dada, vitako bado vibichi, tungoje kidogo." Na yeye akamjibu, "Mimi ndiye mkubwa hapa."

Siku ya soko alikwenda mjini. Hakuvaa kanga mpya. Alikuwa amempa Paskalina aende nayo Tanga, na msidhani aliitoa kwa roho safi, aliitoa huku ameuma meno. Mwanaisha alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya nyanya, na pembeni jagi la plastiki la maji ya kunywa.

"Salama?" akasema Mwanaisha.

"Si salama, Mwanaisha. Juzi nilimeza."

"Ulimeza nini?"

"Maji. Kwenye moto. Nilimeza makusudi, namwonea wivu mtoto wa watu. Hakikupasuka hata kimoja."

Mteja mmoja akauliza bei, hakujibiwa, akaenda zake. Kisha Mwanaisha akamimina maji kwenye kikombe, akamnyooshea.

"Bado unao huo wivu?"

"Bado."

"Basi uteme hapa. Mbele za watu, kama mlivyonifanyia mimi."

Wauza kabichi waligeuka. Zakia alipokea kikombe kwa mikono miwili. Angeweza kumtaja Paskalina, yaishe. Alifungua kinywa na jina lililotoka halikuwa hilo.

"Nilikuwa nakuonea wivu wewe," alisema. "Sikuona koo lako siku ile. Sikuona kitu. Uliniambia vyungu ni vibichi, na nilikuwa nakuonea wivu."

Akapiga funda, akapuliza. Maji yakarukia mafungu ya nyanya, mengine yakampata Mwanaisha magotini.

"Umenilowanishia nyanya," akasema Mwanaisha.

Akavua mtandio, akaanza kuzipangusa moja moja, polepole, akizizungusha kiganjani mwake kama mtu anayelainisha tumbo la chungu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Zakia alisimama pale hajui aende au akae. Hatimaye Mwanaisha, bila kuinua macho, akausukuma kando mfuko mtupu wa kabichi uliokuwa ubavuni pake, pakawa na nafasi ya mtu mmoja kuketi.