Nilivyoombea Mizinga Inyamaze

Wageni wanaofika kwangu hapa Tunduma hulalamika kwamba malori yanawapasua masikio. Huwajibu waende hotelini. Kelele hainisumbui hata kidogo. Kinachonitia hofu ni pale inapokatika ghafla.

Nilikulia upande wa Hasamba, kwenye shamba la kahawa la baba. Ulikuwa wakati wa vita vya Kagera, na ng'ambo ya bonde palikuwa na uwanja ambako vijana walifunzwa kupigana. Kaka yangu mkubwa alikuwa miongoni mwao. Kila asubuhi milio ilipoanza, mama alisimamisha mikono kwenye matawi ya mibuni, akasikiliza, kisha akaendelea kuchuma. "Wakipiga, mjue kaka yenu bado yupo," alituambia. Kaka alikuwa ameahidi kwamba wakipangiwa safari ataomba ruhusa aje kuaga, na mama alikwisha kumtengea jogoo.

Mimi nilichukia ile milio. Mizinga ilipolia madirisha yalitetemeka, nami, msichana mzima wa darasa la tatu, nikaanza tena kukojoa kitandani. Wadogo zangu walinicheka waziwazi. Aibu ile ilinichoma kuliko hofu yenyewe.

Kanisani kwetu Jumapili moja ya kila mwezi ilikuwa ya watoto, na mtoto mmoja aliitwa mbele aombee jambo analolitaka. Wenzangu waliombea mvua na mitihani. Zamu yangu ilipofika nilifumba macho nikasema kwa sauti kubwa, "Bwana, nyamazisha mizinga." Kanisa zima likaitikia amina, wazee wengine kwa kishindo, wakidhani naombea amani. Nilijua wanakosea, nikajinyamazia. Nilipofumbua macho nilimwona mama anatazama sakafu. Yeye hakuitikia.

Alhamisi asubuhi palikuwa kimya. Nilingoja hadi umande ukakauka, sikusikia hata risasi moja. Nikatoka mbio kwenda shambani huku napiga makofi. "Mama, Mungu kanisikia! Wamenyamaza!"

"Nasikia," akasema. Akatua kikapu vibaya, kahawa ikamwagika, naye akakimbia kuvuka bonde bila viatu. Nilimfuata nikilia, maana usoni mwake nilikuwa nimeelewa nilichoomba. Uwanjani tulimkuta mpishi mmoja anasugua masufuria.

"Wameondoka alfajiri, mama," alisema. "Hakuna aliyeruhusiwa kwenda kuaga."

Kaka hakurudi. Najua kwamba jeshi haliendeshwi na sala ya mtoto. Nimejiambia hivyo miaka mingi na bado moyo haukubali. Mama hakunigombeza hata siku moja. Nyumbani kwetu watoto ndio walioombea chakula, kwa zamu, na utaratibu huo hakuubadilisha. Ila kila zamu yangu ilipofika, mpaka nilipoolewa, mama aliniwahi, akafumba macho akaomba yeye.