Aliyekosekana Pichani

Mdogo wangu Kondo hajui kukaa. Ukimpa kiti anakalia nusu, mguu mmoja uko tayari kuondoka na simu iko mkononi. Mimi Joha, dada yake, nina mgahawa hapa Mikumi kando ya barabara kuu. Madereva wa malori wanaomsikia redioni wakija kumkuta kwangu wanashangaa. Hawaamini kwamba yule bwana anayechambua siasa za China kwa sauti ya taratibu ndiye huyu anayezunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tumezaliwa Kilosa, pale Magomeni, nyumba ya wakulima. Kondo alipomaliza kidato cha sita alipata kibarua cha stoo kwa Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara huku kwetu, na badala ya kutunza saruji akawa anawauliza hiki mnakiitaje, kile mnakiitaje. Wakampenda. Akaenda chuo kikuu, akapata ufadhili, akasoma huko huko kwao mpaka akarudi na udaktari. Mama alianza kumweleza habari za magoti yake. Nikamwambia, mama, huyu si daktari wa sindano, huyu wa magazeti.

Sasa niwaeleze anavyofanya kazi, maana ndiko balaa letu lilikotokea. Kondo anasema wakubwa wa China hawagombani hadharani, kwa hiyo yeye anaangalia picha za mikutano yao. Anaangalia nani kakaa karibu na nani, nani kasogezwa pembeni, na zaidi ya yote nani hayupo. Kuna mkubwa mmoja alimsema redioni kwamba kaanguka, eti kwa sababu tu hakuonekana pichani. Watu walimcheka sana. Baadaye ikatangazwa kweli bwana yule kaondolewa, na tangu siku hiyo magazeti yakawa yanamtafuta Kondo, chuo huko Dar kikampa darasa, na usingizi ukamkimbia. Akilala anaogopa picha itatoka huko yeye hajaiona.

Mtu pekee aliyeweza kumtuliza alikuwa Yusrah, mwalimu wa sekondari, binti wa Magomeni kwetu. Walikuwa wanaongea kwenye simu kila jioni, na nilikuwa nampenda yule binti kuliko nilivyoonyesha. Kondo alipoamua kuposa nilishukuru Mungu. Nikasema, angalau sasa atapata mtu wa kumwambia kaa chini ule.

Kwetu mwenye kuposa haendi. Wanakwenda wazee, yeye anabaki mbali akisubiri jibu. Baba mdogo Mudi akaongoza msafara kwenda Kilosa, na Kondo akabaki kwangu Mikumi. Jamani, ile asubuhi sitaisahau. Alitoka jikoni akaenda barabarani, akarudi, akafunua sufuria, akafunika, akaniuliza kama mtandao wa huku uko sawa. Nilimwambia, "Kondo, nitakupa vitunguu umenye."

Adhuhuri picha ikaingia kutoka kwenye simu ya baba mdogo. Wazee wetu wamekaa sebuleni kwa kina Yusrah. Mimi niliona watu wamekaa. Kondo akaivuta picha mpaka pua za watu zikajaa kioo.

"Dada, mzee Mwinshehe hayupo."

Mzee Mwinshehe ni baba mkubwa wa Yusrah. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli ni yeye.

"Atakuwa msikitini," nikasema.

"Kiti chake kipo, kitupu. Soda hazijafunguliwa. Na mama yake anaangalia chini." Uso ulikuwa umemshuka. "Wamekataa. Wanatafuta namna ya kusema."

Nilimwambia asubiri wazee warudi. Nilikuwa na ugali motoni na wateja wananiita, nikamwacha pale dirishani. Nilipogeuka hayupo. Mteja mmoja akaniambia yule mtu wa redio kasimamisha basi la Dar, kapanda.

Jioni baba mdogo Mudi akateremka kwenye gari anacheka mpaka kofia inamtoka. "Yuko wapi bwana harusi? Wamekubali."

Nikamuuliza habari za mzee Mwinshehe.

"Mzee Mwinshehe ndiye aliyetupiga picha. Wanawe wamemnunulia simu, siku hizi haachi. Akachukua na yangu, akasema tulieni hivyo hivyo kabla ya soda."

Nikampigia Kondo. Alikuwa ameteremka stendi ya Msamvu, njiani kwenda Dar, hajui aendelee na safari au arudi. Nilipomweleza akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nimeshamwandikia Yusrah. Nimemwambia nimeelewa jibu la kwao, namwacha huru."

Nilimtukana. Sitayarudia hapa niliyomwambia, lakini nilimtukana huku nalia, kwa sababu niliona kitu kizuri kinamwagika na sina cha kukingia.

Usiku akarudi kwangu, na kesho yake tukaenda Kilosa, mimi na yeye. Njia nzima aliandika ujumbe akaufuta, akaandika akaufuta. Tulipofika tukamwamkia mzee Mwinshehe, shikamoo, akaitika marahaba bila kinyongo, akatuwekea viti kibarazani.

"Mimi nilisema ndiyo mbele ya watu, na ndiyo yangu ipo pale pale," akasema. "Muulizeni mwenyewe."

Yusrah akatoka. Aliniamkia mimi kwanza, vizuri tu. Kondo akaanza kueleza habari za kiti kitupu na soda, anaongea haraka, amesimama, haeleweki. Yusrah alimwacha mpaka akaishiwa.

"Kondo, hao wakubwa wa China hawapokei simu yako, ndiyo maana unawatafuta kwenye picha," akasema. "Mimi simu yangu jana ilikuwa mkononi kutwa nzima. Nilikuwa nasubiri unipigie nikwambie baba mkubwa kakubali."

"Nikikupigia sasa?"

"Nitapokea. Lakini siwezi kuishi na mtu atakayekuwa ananisoma usoni kila siku halafu anaondoka na jibu lake." Akamgeukia mzee Mwinshehe. "Baba, naomba uwarudishie posa yao."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Yusrah akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nilipojua kwamba imekwisha.

Simu ya Kondo ilikuwa inalia, redio wanamtaka. Nilimwambia azime au apokee. Hakufanya lolote. Alikuwa amekaa kiti kizima, nyayo zote mbili zimelala chini, mikono mitupu magotini, na nilipomwambia twende hakuinuka.