Wimbo wa Dunguni

Basi likisimama Mkata, wauza mahindi ya kuchoma hulizingira wakipiga kelele. Juzi, nikitokea Korogwe, nilimwona mmoja ameinua sinia lake kimya, macho chini, huku abiria wakinunua kwa wenzake. Nilimjua kabla hajainua uso. Dada yangu.

Ungemsikia zamani, ndugu yangu! Kule Kwedizinga, mahindi yakianza kubeba, sisi watoto tulipanda dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, kufukuza nyani. Wengine tulipiga madebe tu. Dada, ambaye mgeni akibisha hodi alijificha nyuma ya mlango wa jiko, huko juu alitunga nyimbo. Alimtungia nyani dume mwenye mkia uliokatika, akamtungia bibi na pengo lake, akaitungia hata harufu ya kunde zinazochemka. Jirani wa ng'ambo ya korongo aliitikia kutoka dungu lake bila kumwona. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: wa dunguni huitikiwa, hatazamwi.

Bibi ndiye aliyemsifia kwa mwalimu, kwa furaha tu. Siku wageni walipokuja shuleni akamfunga kanga yake mpya, na mwalimu akamsimamisha juu ya meza.

"Haya, mwanangu, waimbie kama unavyowaimbia nyani."

Dada akafumbua mdomo, akaufumba.

"Mwalimu, nyani hawajafika!" mtoto mmoja akapaza sauti. Shule nzima ikaangua kicheko, na wageni nao.

Jioni ile dunguni dada alishika debe. Jirani akaita, "We binti! Leo tuitikie nini?" Likamjibu debe. Mahindi tulivuna kama kawaida; nyani hukimbia debe kama walivyokimbia wimbo.

Mimi shule niliiacha mapema. Nimezunguka mashamba ya mkonge na magulio nikiuliza kila kitu, na bado sijui wimbo huenda wapi ukirudi ndani ya mtu.

"Shikamoo, dada," nilisema kupitia dirisha la basi pale Mkata. "Ule wimbo wa nyani wa mkia uliokatika ulikuwaje?"

"Marahaba. Wimbo gani?" Akanichagulia hindi laini. Hakuwa ananificha, nilimwona akitafuta kweli, akakosa.

Basi likaondoka. Bibi keshafariki, jirani kahamia Masuguru kwa mwanawe, dungu limeliwa na mchwa. Mimi nimebakiwa na kiitikio tu, ile sehemu ya jirani. Naiimba njiani, halafu nanyamaza, nikingoja mwimbaji aendelee.