Majina Niliyowashia Moto

Kosa ni langu. Nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikabaki na wadogo watatu. Kijiji chetu cha ujamaa, huku upande wa Mollo, kikanipa ukarani. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha.

Zahanati yetu ilikuwa na chumba cha wazazi kisicho na paa. Wanawake walichoka kujifungulia njiani wakienda mjini. Siku ya kulima shamba la kijiji wakaja ofisini, wakalaza majembe mlangoni, wakakaa. Aliyewaongoza ni Mama Skola, mjane, jirani aliyetupikia uji wa ulezi tangu siku ya msiba wetu. Shemeji yake, Mzee Kasiano, aliwapita akicheka: “Mkitaka paa, zaeni humu ofisini.”

Walikaa siku tatu. Mabati yakaja.

Mwenyekiti wa kijiji akataka historia ya paa hilo isomwe siku ya ufunguzi. Mama Skola alinitajia wenzake wote, jina kwa jina, nikaandika kwa penseli. Lakini mwenyekiti akasema daftari la kijiji linakwenda kwa kaya, niandike wakuu wa kaya. Wajane tuliwaweka chini ya shemeji zao.

“Hata Mama Skola?” nikauliza.

“Kazi unaitaka?”

Nikanakili upya. Zile karatasi za penseli niliwashia moto jikoni.

Siku ya ufunguzi nilisoma mwenyewe. Nilipotaja jina lake, Mzee Kasiano akasimama, akapigiwa makofi. Baadaye Mama Skola aliniuliza taratibu, “Mwanangu, kumbe siku zile tatu mimi nilikuwa wapi?”

Jioni akatuletea uji kama kawaida. Wadogo wakanywa. Mimi nilikunywa nisihisi ladha, na mpaka leo ni hivyo hivyo.

Miaka ikapita; masika yaliyopita tulimzika Mama Skola. Juzi mwalimu alikuja kuandika habari za kina mama wa kijiji. Nikamfungulia daftari. Akasoma kurasa mbili za wanaume, akaniuliza, “Kina mama wenyewe wako wapi?”

Tangu hapo najaribu kukumbuka. Wa kwanza, Skolastika, yaani Mama Skola mwenyewe. Nimefika tisa. Waliojaa pale mlangoni hawakuwa tisa.

Wewe uliyepewa kalamu na kijiji chako, mwandike mtu mwenyewe, kisha umsomee angali hai. Yule niliyepaswa kumsomea yuko kaburini, naye ndiye aliyekuwa na majina yote.