Amefungwa Mangapi

Jumamosi iliyopita nilikwenda uwanjani Parramatta na mjukuu wangu wa kike, yule anayefanya kazi ya kutunza wazee. Tulipanda treni Mount Druitt mchana, mimi nimevaa skafu ya timu juu ya koti na kitambaa changu cha kanisani kichwani, na ndani ya mkoba nimeficha mandazi, maana chakula cha uwanjani ni viazi vya kukaanga na bei ya kukufuru. Mlinzi wa mlangoni aliyaona, akayanusa, akacheka, akaniacha nipite. Huku Sydney mwezi wa nne ndipo majani yanapoanguka, na jua likishazama baridi hupanda kutoka kwenye saruji mpaka magotini. Sikujali. Timu yetu ya huku magharibi ilikuwa nafasi ya saba, na msimu unakwisha. Wanaoingia mtoano ni sita bora. Wa saba anakwenda nyumbani.

Tulipata bao mapema, tukakaa nalo kama mtu aliyebeba yai mkononi, kisha dakika za mwisho wenzetu wakalirudisha. Sare. Nyuma yangu alikuwa ameketi mama mmoja Mkenya, nesi, ambaye tunasali naye. Akaniinamia sikioni.

"Shosho, pumua! Bado tuko na mechi moja. Wale wa sita wakiteleza, sisi tunaingia."

"Na wasipoteleza?"

"Basi tutaomba wateleze."

"Hiyo si sala, binti yangu."

"Ai, Shosho! Na vile wewe ndio unaitaka zaidi!"

Nilicheka. Lakini mjukuu wangu alikuwa ananitazama usoni. "Koko, unalia," akasema. Koko ndivyo sisi Wakongo wengi tunavyoita bibi. Nikamwambia ni baridi. "Machozi ya baridi? Koko, ni mpira tu." Aliyasema hayo kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wetu wote wa huku: sikio la Kiswahili, ulimi wa Kiingereza.

Ni mpira tu. Ndugu yangu, sijui wewe ulilelewa wapi na nani, lakini mimi nililelewa na mtu aliyekuwa akisema maneno hayo kila juma, mpaka siku alipoacha kuyasema.

Mji wetu ulikuwa mdogo, kando ya ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Mama yangu alifariki nikiwa sijajua kutembea, nikalelewa na Nyanya, mama yake baba, katika nyumba ya matofali mabichi iliyonukia mawese na moshi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Kazi yangu ilikuwa kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mpaka leo nikisikia kitu kinagonga kwa mpigo mmoja, hata mashine ya kufulia ya jirani, mkono wangu wa kulia hutaka kuinuka. Asubuhi king'ora cha kiwanda cha pamba kililia, na baba akaondoka na wanaume wengine. Jioni alirudi na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, Nyanya akimwambia kwamba amezeeka kwa siku moja.

Baba alikuwa fundi wa mashine, lakini mjini hakuna aliyemjua kwa mashine. Alijulikana kama kipa wa timu ya kiwanda. Kabla ya giza alisimama kati ya mpapai na ukuta wa choo, mimi nikamrushia malimau, moja kushoto, moja kulia. Lile lililompita lilipasuka ukutani, na Nyanya akalalamika kwamba tunaharibu malimau ya watu. "Ni mpira tu," alisema. "Mpira ni kazi ya watu wasio na shamba."

Lakini kila Jumamosi, siku ya mechi, Nyanya hakula. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa neno moja: "Nimefunga." Sasa, mji wetu ulikuwa na redio chache, na habari zote za mpira tulizisikia kutoka kwa watangazaji wa ng'ambo ya ziwa, huko Tanzania. Kwao timu ikipata bao imefunga, ikipigwa imefungwa. Nasi watoto tulisema hivyo hivyo. Basi mimi, kwa akili yangu yote ya miaka saba au minane, nikaona jambo liko wazi: Nyanya akifunga, timu inafunga. Sikujua kwamba akina mama wa kanisa letu walifunga na kuomba kila Jumamosi tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa mlinzi wa kinywa chake. Siku moja alikuwa na homa, jirani akamletea uji, nikasimama mbele ya bakuli.

"Nyanya, usinywe! Tutapigwa!"

"Na nani?"

"Na wale wa bandarini!"

Nyanya alicheka mpaka homa ikamtoa jasho. Uji aliunywa. Na kweli wale wa bandarini walitupiga, na imani yangu ikatiwa muhuri.

Mwaka huo, kiangazi kilipokuwa kinaisha, timu yetu ilikuwa ya tatu kati ya timu za miji ya ziwani. Mbili za juu ndizo zingekwenda mtoano katika mji mkuu wa jimbo, mbali milimani. Watu hawakuzungumza jambo lingine. Kisimani wanawake walipiga hesabu: fulani akitoka sare na fulani, sisi tukishinda hapa na pale. Zilibaki mechi mbili. Ya kwanza ilikuwa ugenini. Timu iliondoka alfajiri kwa lori la pamba, baba amekaa nyuma juu ya magunia, akanipungia limau badala ya mkono.

Zilikuwa nyakati mbaya, ndugu yangu. Kulikuwa na vita msituni na askari barabarani, na mtu aliweza kuchukuliwa kwa sababu ya kabila la mkewe au rangi ya shati lake. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba Nyanya amefunga, kwa hiyo tutafunga. Alasiri nilikuwa kinuni, nangoja habari. Mara jirani yetu, mama wa fundi mmoja aliyecheza beki, akaingia uani anakimbia, mikono kichwani.

"Mama wee! Mwanao amefungwa! Amefungwa!"

Nikasimamisha mchi. "Mangapi?" nikauliza.

Jirani alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisema, kisha akakaa chini pale pale mchangani na kuanza kulia. Nyanya peke yake alielewa nilichouliza. Alikuja akanifunika mdomo kwa kiganja chake, taratibu, bila ukali, akakiacha hapo muda mrefu. Kilinukia mawese. Lori lilikuwa limesimamishwa kizuizini kabla halijafika uwanjani. Askari walishusha watu watatu, baba mmojawapo, wakawapeleka gereza la mji mkuu wa jimbo. Mechi haikuchezwa siku ile. Ilichezwa katikati ya juma, bila baba, nasi tukashinda kwa shida.

Ikabaki mechi ya mwisho, nyumbani kwetu. Hapo ndipo Nyanya alipogeuka kuwa shabiki. Barabara ya milimani ilikuwa imefungiwa raia. Bila ruhusa ya wakubwa hufiki mahali. Lakini mkuu wa kiwanda alitamka mbele ya watu wote: timu ikiingia mtoano, itasafiri kwa ruhusa, na jamaa za wale watatu watapanda lori pamoja nayo. Tukishinda, tutamwona baba. Tusiposhinda, hatutamwona. Mambo ya dunia mara chache huwekwa wazi mbele ya mtoto namna ile.

Nyanya alifunga juma zima, akinywa maji na kula kidogo jua likishazama tu. Kila jioni alinikalisha nimfundishe mpira. Kipa ni nani, kona ni nini, kwa nini huyu anapiga kelele. Aliandaa kifurushi: shati la baba la Jumapili, sabuni, ndagala wa kukaanga, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani. Jumamosi alivaa kitenge chake cha Pasaka, akachukua Biblia, akaja kusimama pembeni mwa uwanja ambao hakuwahi kuukanyaga. Wanaume walimpisha.

Golini alisimama mwalimu wetu wa shule, mrefu, mpole, miwani yake imefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Kabla ya mapumziko tulipata bao. Uwanja mzima uliruka. Nyanya alinishika bega.

"Sasa tumefanya nini?"

"Tumefunga, Nyanya!"

"Tumefunga," akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Nikamwona anatabasamu, mara ya kwanza tangu jirani aingie uani.

Kisha tukangoja. Hakuna kungoja kurefu kama kwa mtu anayeongoza. Wageni walitaka sare tu, sare ingewatosha waingie wao. Walikuja kama mafuriko. Mwalimu aliokoa, akaokoa tena, watu wakimwita kwa jina la baba kumtia moyo. Mwishoni kabisa mpira ulipigwa juu, naye akaudaka vizuri, kifuani, kwa mikono yote miwili. Akaukumbatia. Na kwa furaha yake akarudi nyuma hatua moja. Mstari wa goli ulichorwa kwa majivu ya kiwandani, na siku nzima miguu na upepo vilikuwa vikiufuta. Yeye na miwani yake yenye vumbi hakuuona. Refa aliuona. Akapuliza filimbi, akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja.

"Na sasa?" Nyanya akauliza.

Alinitazama usoni, akasema mwenyewe, "Tumefungwa."

Mwalimu alikaa golini ameukumbatia mpira hadi watu walipoondoka. Nyanya alimwendea, akamfuta vumbi kwenye miwani kwa ncha ya kitenge, asimwambie neno. Mimi nilikuwa na neno. Njiani nilimuuliza kwa nini Mungu alikataa, ilhali yeye alifunga juma zima. Akasema, "Mungu si refa, mwanangu." Nimesoma chuo cha Biblia baadaye, nimewasikiliza wahubiri wa mataifa mengi, na bado natafakari jibu hilo.

Kabla ya kurudi nyumbani alifanya jambo lililowashangaza wengi. Aliliendea lori la wageni, wale waliotutoa, akamkabidhi nahodha wao kile kifurushi. "Ninyi ndio mnaokwenda," alimwambia. "Mpelekeeni."

Yule nahodha alikuwa mtu wa ahadi. Waliporudi kutoka mtoano, lori lao lilisimama kwetu, akaja mpaka uani, akakataa kiti. Alisema askari wa gereza walipokea kifurushi mlangoni. Kama kilifika ndani, hajui. Hakuruhusiwa kumwona mtu. Lakini uwanja wa mji ule ulikuwa ukuta kwa ukuta na gereza, na siku ya mechi wafungwa walisikia kelele, wakaanza kuuliza kwa sauti kutoka ng'ambo: Nani anacheza? Wakajibiwa. Na timu ya kiwanda cha pamba, ile ya ziwani, ipo? Nahodha mwenyewe alijibu, "Haikuingia! Walitoka sare na sisi!" Sauti moja huko ndani ikasema, "Kumbe na wao wamefungwa!" na ukuta wote ukacheka.

Nyanya aliinamisha kichwa. "Sauti hiyo ilikuwaje?"

"Mama, sijui niseme vipi. Kama ya mtu mwenye mafua."

"Ndiye," Nyanya akasema. "Tangu azaliwe anasema kwa pua." Na yeye akacheka, akilia, akacheka tena, akaniambia nilete muhogo uliobaki jikoni. Jioni ile Nyanya, aliyeendelea kufunga tangu juma la mechi, alifungua.

Baba hakufunguliwa. Hatukupata habari yake tena, wala kaburi.

Nyanya alizikwa ukimbizini. Kiwanda kilibomolewa, bati zake zikagawanywa. Nikiwa mama mzima, nikikimbia na watoto wangu, nilipita katika ule mji wa milimani na kuutafuta ukuta. Nilikuta soko. Nikamuuliza binti aliyekuwa akiuza maharage, gereza la zamani lilikuwa upande gani. Akanitazama kwa huruma: "Gereza? Mama, umepotea. Hapa ni soko tangu zamani." Nikamshukuru, nikanunua maharage yake. Namshukuru Mungu kwa mengi: kwa watoto waliofika salama, kwa nyumba yenye joto huku Mount Druitt, kwa subira aliyonipa bila mimi kuistahili. Lakini waliosimama pembeni mwa uwanja ule wote wameondoka, na sasa hakuna aliyebaki ambaye naweza kumwambia "mangapi" naye akanyamaza kwa kuelewa.

Kesho ni mechi ya mwisho. Mjukuu wangu ananiuliza kama kweli nadhani timu yetu itachukua kombe. Kombe silitaki, nimemwambia. Katika mtoano wa huku, timu ya sita haichezi nyumbani, hupanda ndege ikaenda ugenini. Hilo tu ndilo ninaloomba, na nimeliomba tangu utotoni, ingawa najua aliyekuwa akitungoja hayupo tena: tuingie, tusafiri.