Nilimdanganya Kassim kuhusu gemu yake

Kila nikiandika "Kassim alikuwa" naifuta. Wallahi siwezi.

Wamemkata kwa mapanga jana, mchana kweupe, hapa Kisauni, kwa sababu ya laptop. Watu wako madukani, wako barazani, na hakuna aliyeinuka.

Wengi wenu hamkumjua rafiki yangu. Miaka minne alikuwa akijenga gemu peke yake, zile za kizamani: wapiganaji wanne waliochorwa kwa vidoti, unapiga, kisha unasubiri adui naye akupige. Michoro yeye, muziki yeye, hadithi yeye.

Na alitaka vita viume hasa. Kila jini unayepigana naye alimpa njia yake ya kufa. Mamake akichungulia: "Kassim mwanangu, damu yote hii ya nini?" "Ni rangi tu, mama."

Alichokosa ni feedback. Ukimwambia "iko poa" anawaka. "Poa yanisaidia nini? Nitukane!"

Mimi alinipa kwenye flash. Wiki tatu sikuifungua. Kila akiniuliza, namjibu bado naendelea.

Juzi nikachoka kuulizwa. Nikamwandikia: nimemaliza bro, ni fire!

Akapiga simu papo hapo, anacheka kwa furaha. "Umemaliza yote? Basi kesho naja na laptop. Wacheza mbele yangu, nami n'andika pale ulipokwama."

Ndiyo safari aliyokuwa nayo jana. Alikuwa anakuja kwangu.

Simu aliwapa. Pochi aliwapa. Laptop akaikumbatia, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa mle. Wakamkata mikono mpaka akaiachia, kisha wakamkata shingo.

Leo nimesaidia kumuosha. Viganja vilikuwa vimefunguka hadi mfupani.

Nyinyi watatu mliomuua, mtaa unawajua. Natamani niwapate mmoja mmoja kwa mikono yangu hii, na sioni haya kuyaandika hapa.

Tuliporudi kutoka makaburini nikaifungua flash. Nimecheza hadi macho yameniuma.

Haya, Kassim. Jini wa kwanza ni mgumu mno, ameniua mara sita. Maandishi ni madogo. Mlango wa pangoni hauonekani. Na muziki wa pale kijijini umeniliza, mshenzi wewe.

Ningekwambia tu "sijaifungua", ungenitukana, ungenuna siku mbili, na jana ungeshinda nyumbani kwenu.

Nisamehe, ndugu yangu. Lala, Mola akupokee.