Bingwa wa Kiingereza Mtandaoni

Mama huyu alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili akifundisha Kiingereza katika shule ile ile ya sekondari, na wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta, maana insha isiyo na nukta aliirudisha bila kuisoma. Mwaka ule akapewa kidato cha tatu kilichomtoa jasho. Darasani walikuwa mabubu. Kwenye simu, vidole havikupumzika.

Akawafungulia kundi la WhatsApp, akaagiza kiandikwe Kiingereza tu. Wiki nzima walituma vikaragosi vya kucheka.

Hapo ndipo shetani alipompitia. Alifungua ukurasa wa Facebook kwa jina la Bingwa wa Kiingereza, akabandika picha ya ujana ya mumewe, fundi cherehani, akiwa na miwani myeusi na kidevu juu. Akaandika Kiingereza kibovu makusudi, majigambo matupu: kwamba jana atakwenda mjini, kwamba ana mke watatu, kwamba wanafunzi wa shule ile hawamwezi kwa lolote. Kisha akatupia kiungo kwenye kundi na kuuliza kwa upole, "Jamani, huyu anawasema ninyi?"

Wakamvaa. Siku ya kwanza tu, masahihisho kumi na manne. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sauti yake haikuwahi kusikika, alishusha aya nzima. Hata mkuu wa shule aliingia kumkosoa Bingwa, naye akateleza. Wanafunzi wakamsahihisha kwa adabu zote.

Ijumaa mchana mumewe alirudi kula, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mke wangu, nimemkosea nani mimi? Vijana watatu wamenijia kibandani na picha yangu ya ujana kwenye simu, kunifundisha vitenzi. Mmoja ananiuliza habari za wake zangu watatu."

"Ukamjibuje?"

"Nimesema nitauliza nyumbani."

Ilibidi amweleze yote. Fundi akasamehe kwa sharti moja: afundishwe sentensi moja ya Kiingereza ya kuwanyamazisha vijana.

Jumatatu Mwalimu Nukta aliungama mbele ya darasa. Hakuna aliyecheka. Kesho yake alikuta mezani barua ya malalamiko kwa kudanganywa, ukurasa mzima kwa Kiingereza, imesainiwa na wote. Aliisoma mara mbili. Akasahihisha makosa manne, akawapa alama za juu kuliko zote za mwaka ule.

Na mpaka leo, kijana akipita kibandani na kumsalimu fundi kwa Kiingereza, hujibiwa kwa sentensi ile ile aliyofundishwa na mkewe, ihusike isihusike.